Makazi ya vibete kwa zamu: shamba, pombe na makabidhiano katika Dwarf Fortress

Dwarf Fortress ni mchezo wa kompyuta wa kusimamia makazi ya vibete, na hauchezwi na watu wengi kwa wakati mmoja. Wanaotaka kujenga makazi pamoja hupokezana faili moja: mtu anayasimamia kwa mwaka mmoja wa mchezo, anahifadhi, kisha anamtumia mwenzake folda nzima. Mwongozo huu ni wa kundi la watu 4 hadi 10 wanaotaka makazi ya wakulima yasimame zamu baada ya zamu.

Makazi ya zamu huangushwa mara nyingi zaidi na msimamizi mpya asiyejua alichoachiwa kuliko na magoblini. Dalili huanzia shambani, kwa sababu kosa la msimu mmoja huiva miezi kadhaa baadaye, mikononi mwa mtu ambaye hakulifanya. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ina lengo moja: shamba ambalo mgeni akilifungua, muda ukiwa umesimamishwa, ataweza kulisoma kwa dakika kumi.

Kabla ya zamu ya kwanza

Kubalianeni toleo moja la mchezo, hadi tarakimu ya mwisho inayoonekana kwenye skrini ya mwanzo. Faili lililohifadhiwa na toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani. Mtu mmoja akisasisha mchezo katikati ya zamu yake, wengine wote watalazimika kusasisha au zamu yake itupwe. Toleo la bure linalopatikana kwenye tovuti ya Bay 12 Games hukaa kwenye folda yake lenyewe na halijisasishi, kwa hiyo kwa michezo ya zamu ndilo salama zaidi. Toleo la kulipia lililotoka Steam Desemba 2022 lina picha nzuri zaidi, lakini ukilitumia, hakikisha haliruki kwenda toleo jingine bila wewe kujua.

Msiweke modi, yaani nyongeza zinazobadilisha mchezo, katika mchezo wa kwanza wa pamoja. Kila modi ni kitu kingine ambacho watu wote wanapaswa kuwa nacho sawasawa.

Anayeunda dunia achague ndogo, yenye historia fupi, miaka 100 au chini ya hapo. Folda inakuwa nyepesi kutuma na mchezo haubebi mzigo wa historia ndefu. Eneo la makazi liwe miraba 3 kwa 3. Kila mraba una vigae 48 kila upande (kigae ni kimraba kimoja kidogo cha ramani), hivyo unapata vigae 144 kwa 144, nafasi ya kutosha kabisa kwa vibete 80. Tafuta sehemu yenye udongo wa kina, miti, na majirani wa kufanya nao biashara. Maji ya ardhini, ambayo skrini huonya juu yake kabla hujaanzisha makazi, yaepukeni kama kuna hata mmoja wenu ambaye hajawahi kuyachimba. Yeye ndiye atakayeyatoboa.

Kuna mtego hapa ambao makundi mengi huugundua yakiwa yamechelewa. Idadi ya juu ya wakazi na mpangilio wa mchezo kujihifadhi wenyewe hukaa kwenye kompyuta ya kila mchezaji, havisafiri na faili. Mmoja akiwa ameweka 60 na mwingine ameacha 200, zamu moja inaweza kuleta wahamiaji hadi shamba lishindwe kuwalisha. Andikeni namba hizo kwenye sheria za kundi na kila mtu aziweke kabla ya kufungua faili. Idadi ya 60 inatosha kwa makazi ya wakulima, na kompyuta dhaifu huimudu. Kujihifadhi kuwekwe kila msimu.

Sheria nyingine ziwe chache. Zamu ni mwaka mmoja, kuanzia tarehe 1 Granite hadi 28 Obsidian. Mchezaji ana siku 7 hadi 14 za kalenda ya kawaida kuimaliza. Asiyepakua faili ndani ya siku 3 anarukwa na kuwekwa mwisho wa foleni. Hakuna kurudia zamu kwa sababu mambo yameharibika. Kinachoruhusiwa ni kurudi kwenye hifadhi ya msimu kama mchezo wenyewe ulizimika ghafla.

Kalenda, kwa sababu kila kitu shambani kinaifuata

Mwaka una miezi 12 ya siku 28, jumla siku 336. Masika ni Granite, Slate na Felsite. Kiangazi ni Hematite, Malachite na Galena. Vuli ni Limestone, Sandstone na Timber. Baridi ni Moonstone, Opal na Obsidian. Kila msimu una siku 84.

Makabidhiano yanaangukia mwisho wa baridi, na huo ndio wakati ambao ghala liko chini. Kati ya mazao ya chini ya ardhi, ni uyoga na zao la rangi tu yanayoota majira ya baridi. Msimamizi mpya anaanza na kile ambacho baridi imebakiza, na mazao mengine mawili makubwa, ngano ya pangoni na mkia wa nguruwe, hayawezi hata kupandwa hadi Hematite. Msimamizi anayeondoka asipolifikiria hilo mapema, kwenye vuli, mwenzake ataanza mwaka na kiu.

Kuchimba shamba

Chimba ngazi kutoka juu, kisha tandaza vyumba kwenye tabaka la udongo, kwa kawaida tabaka la 1 hadi la 3 chini ya nyasi. Udongo wa mfinyanzi, mchanga na tifutifu vyote vinalimika papo hapo. Sakafu ya mwamba hailimiki mpaka ipitishwe maji na kubaki na tope. Kumwagilia mwamba kwa mfereji na mlango wa maji ni kazi nzuri, lakini mlango wa maji huleta wenzo mwingine ambao mgeni anaweza kuuvuta. Mkiwa na udongo, tumieni udongo.

Chimba chumba kimoja kirefu na ugawe vitalu 6 vya vigae 3 kwa 5, vikiwa vimepangwa mstari mmoja, na njia ya kigae kimoja kati yao. Vitalu vidogo vingi ni bora kuliko kimoja kikubwa kwa sababu kila kitalu kina ratiba yake ya misimu minne, na mgeni anaweza kuvihesabu kutoka kushoto kwenda kulia. Tabaka linalofuata chini, moja kwa moja chini ya shamba, weka ghala la mimea, kiwanda cha pombe, jiko na karakana ya mkulima. Vibete wakipanda na kushuka ngazi moja, hawapotezi muda barabarani.

Mazao ya juu ya ardhi hayaoti kwenye vitalu hivi. Yanahitaji kigae kilichowahi kuona anga. Kigae hicho kikishafunguliwa juani huhesabiwa kuwa cha juu ya ardhi hata ukikiezeka paa baadaye, kwa hiyo unaweza kuwa na bustani ya juu iliyofunikwa na salama. Kosa la kawaida ni kubomoa dari ya shamba la uyoga ili kuleta mwanga. Kitalu hicho hakitapokea uyoga tena.

Mazao, na kila moja linafanya nini

Uyoga, ambao skrini huuita plump helmet, hupandwa misimu yote na hukomaa kwa siku 25. Huliwa mbichi na hutengenezwa mvinyo. Ndio uti wa mgongo wa makazi, na msimamizi asiyejua lolote akiuacha peke yake, watu hawafi.

Ngano ya pangoni, cave wheat, hupandwa kiangazi na vuli. Hutengenezwa bia au husagwa unga kwenye kijaa. Mkia wa nguruwe, pig tail, nao ni wa kiangazi na vuli. Hutoa pombe, na kwenye karakana ya mkulima hutoa uzi wa kupeleka kwenye kitanda cha mfumi. Ganda tamu, sweet pod, ni la masika na kiangazi; hutoa ramu, sukari au sharubati. Haya matatu huhitaji siku 42 hivi kukomaa, kwa hiyo usitegemee mbegu iliyotiwa ardhini mwezi wa mwisho wa msimu wake wa mwisho.

Kichaka cha machimbo, quarry bush, hupandwa masika, kiangazi na vuli. Hakiliwi kibichi. Karakana ya mkulima hukigeuza kuwa majani 5 kwa kila mmea mmoja, na majani hayo huenda jikoni. Ni zao lenye faida kubwa kuliko yote kwa chakula, lakini kila kazi hiyo inataka mfuko mtupu. Unga, sukari, rangi na mchanga wa kutengenezea kioo navyo vinagombania mifuko hiyo hiyo. Usilipande bila kuwa na mifuko 10 ya akiba ya kitambaa au ngozi.

Zao la rangi, dimple cup, ni la kutia nguo rangi ya bluu. Liacheni mpaka muwe na nguo za kutosha.

Ratiba ya vitalu 6 iwe hivi. Kitalu cha 1, 2 na 3: uyoga misimu yote minne. Kitalu cha 4: uyoga masika, ngano kiangazi na vuli, uyoga baridi. Kitalu cha 5: uyoga masika, mkia wa nguruwe kiangazi na vuli, uyoga baridi. Kitalu cha 6: ganda tamu masika na kiangazi, kichaka cha machimbo vuli, uyoga baridi. Bofya kila kitalu na ujaze misimu yote minne siku unayokijenga. Kitalu kilichojazwa msimu mmoja tu hulala bila kutoa taarifa yoyote msimu unaofuata, na hilo ndilo kosa linalopatikana mara nyingi kuliko jingine lolote katika michezo ya zamu.

Hesabu ya walaji

Kibete mmoja hula takribani mara 2 kwa msimu na hunywa mara 4 hadi 5. Kwa mwaka hiyo ni chakula 8 na vinywaji hadi 20. Vibete 60 wanataka chakula 480 na vinywaji 1,200. Mmea mmoja kiwandani hutoa vinywaji 5, kwa hiyo pombe pekee inakula mimea 240. Ukijumlisha na chakula, kama wangekula uyoga mtupu, ni mimea 720 kwa mwaka.

Uyoga ungeweza kuvunwa mara 3 kwa msimu wa siku 84, lakini mpandaji huchelewa, hulala, hunywa, hivyo hesabu mara 2. Kwa mwaka ni mavuno 8 kwa kigae. Vigae 90 vya vitalu 6, hata kila kigae kikitoa mmea mmoja tu, ni mimea 720. Mazao ya siku 42 yatapunguza kidogo namba hiyo, na ujuzi wa mpandaji utaifidia kwa wingi, kwa sababu ukubwa wa mavuno hutegemea ujuzi wa aliyepanda. Aliyevuna hana athari. Ndiyo maana upandaji uwe wa vibete 3 au 4 waliochaguliwa, hao hao mwaka hadi mwaka, na uvunaji uwe wa kila mtu. Msimamizi mpya akiwaandikisha wapandaji wake wapya, anatupa ujuzi wa miaka kadhaa na mavuno yanashuka bila sababu inayoonekana.

Mbolea ya potasi huongeza mavuno, ila inataka miti, tanuru la majivu na karakana ya potasi. Kabla ya vibete 60 haina haja.

Jiko na mbegu

Hapa ndipo makazi mengi hufia, kwa hiyo nenda polepole.

Uyoga ukiliwa mbichi unaacha mbegu. Ukitengenezwa mvinyo unaacha mbegu. Ngano ikisagwa, mkia wa nguruwe ukifanywa uzi, kichaka kikitolewa majani, mbegu inabaki. Lakini mmea wowote ukipikwa jikoni, mbegu yake inapotea. Na mpishi, akiachwa huru, hupika mimea, hupika mbegu zenyewe, na humimina pombe kwenye sufuria kama kiungo.

Fungua ukurasa wa jiko ndani ya orodha ya kazi. Zima upishi wa uyoga, wa mbegu zote, na wa vinywaji vyote. Acha nyama, samaki, mayai, majani ya kichaka, unga na sukari. Halafu rudi kwenye ukurasa huo huo mara moja kila msimu, kwa maana mbegu mpya inayoingia kwenye makazi kwa mara ya kwanza, labda kutoka kwa wafanyabiashara, inaweza kuingia ikiwa imeruhusiwa kupikwa.

Mchezo hauruhusu zaidi ya mbegu 200 za aina moja. Mkifika hapo, si hitilafu.

Ghala la mbegu liwe dogo, vigae 6 hadi 9, karibu kabisa na vitalu, na idadi ya mapipa uiweke 0. Sababu yake ni hii: ghala la mbegu likiwa na pipa, kibete anayetaka kuongeza mbegu moja hulibeba pipa zima kwenda kuifuata, na wakati huo mbegu zote zilizomo haziguswi. Wapandaji wanasimama, taarifa zinasema hakuna mbegu, na ukitazama hesabu ziko 80. Mbegu zikae kwenye mifuko tu.

Chakula kizito kinachotumia viungo 4 ndicho cha kuagiza, kwa kuwa idadi ya sahani hutokana na jumla ya viungo vilivyoingia. Marundo 4 ya vitu 5 hutoa sahani 20 kwa kazi moja ya mpishi.

Oda zinazojiendesha

Oda yenye masharti hufanya kazi hata msimamizi mpya akisahau. Teua meneja na mtunza hesabu, mpe kila mmoja ofisi yenye kiti na meza, kisha weka oda hizi, zikaguliwe kila siku:

1. Tengeneza pombe kutoka kwa mimea, kazi 10: vinywaji vikiwa chini ya 600, mimea ya pombe ikiwa 20 au zaidi, na vyombo vitupu vya chakula vikiwa 5 au zaidi.
2. Tengeneza vyungu vya mawe, kazi 10: vyungu vitupu vikiwa chini ya 10.
3. Pika chakula kizito, kazi 5: chakula kilichopikwa kikiwa chini ya 200.
4. Toa uzi wa mkia wa nguruwe, kazi 5: mimea hiyo ikiwa zaidi ya 30.

Namba ya 30 katika oda ya nne ina kazi yake. Bila hiyo karakana itaichukua mimea yote na kiwanda cha pombe kitabaki na kinywaji cha aina moja. Vibete wanaokunywa kitu kile kile muda mrefu huchoka nacho, na walionyimwa pombe kabisa hufanya kazi kwa kujikokota. Aina 2 za kinywaji ndicho kima cha chini, 4 ndizo za kulenga.

Vyungu vya mawe ni bora kuliko mapipa ya mbao. Mawe yanapatikana bure kutoka kwenye machimbo, miti haimalizwi, na wafanyabiashara wa waelvi wanaokuja masika hawachukizwi, maana hawapendi kuuziwa kitu cha mbao.

Mifugo

Kuku ndio mifugo wa makazi ya zamu. Hawahitaji malisho, hukaa chumba kimoja chenye visanduku vya kutagia, na mayai huenda moja kwa moja jikoni. Ng'ombe na kondoo wanataka nyasi, na nyasi ziko nje. Msimamizi akifunga lango wakati wa uvamizi na kusahau malisho, atawakuta wamekufa njaa. Mkitaka vifaranga, ufunge mlango wa chumba kimoja mpaka mayai yaanguliwe, na uandike kwenye barua kwamba mlango huo umefungwa makusudi.

Lango

Mlango wa kuingia uwe mmoja, na mbele yake daraja la kuinua ambalo likiinuka hugeuka ukuta. Wenzo wake uwe karibu na ukumbi wa kulia, mahali ambapo daima kuna mtu wa kuuvuta, kwani agizo la kuvuta husubiri kibete afike. Nyenzo zote zijengwe kwa jiwe lenye rangi yake: lango kwa jiwe jeusi, maji kwa jiwe jeupe, na ya tatu msiwe nayo. Mgeni anayekuta nyenzo tano za kijivu zimepangwa safu atazijaribu.

Barua ya makabidhiano

Barua iandikwe kabla ya kuhifadhi, mchezo ukiwa umesimama tarehe 28 Obsidian, macho yakiwa kwenye skrini. Ukiandika kesho yake utasahau nusu. Mfano wa barua inayotosha:

«Mwaka wa 4, mwisho. Wakazi 58, watoto 9 ndani yake. Vinywaji 640, aina 3. Chakula 410, kati yake kilichopikwa 180. Mbegu: uyoga 96, ngano 41, mkia 38, ganda 22, kichaka 19. Vitalu 6, vyote misimu 4 imejazwa. Cha 6 nimekibadilisha, vuli sasa ni uyoga kwa sababu mifuko imekwisha. Jiko: uyoga, mbegu na vinywaji vimezimwa. Wapandaji ni 3, wana majina ya utani Jembe, Panda na Mvua, usiwaingize jeshini. Wenzo mweusi ni lango, sasa liko wazi. Wenzo mweupe ni mfereji, USIUVUTE, kisima kimejaa. Tahadhari ya wakazi kukaa ndani imezimwa. Marehemu 2, wote wamezikwa. Kazi iliyobaki: paa la bustani ya juu limefika nusu.»

Kima cha kukabidhi kiwe nusu mwaka: vinywaji 10 na chakula 4 kwa kila mkazi. Kwa watu 58 ni vinywaji 580 na chakula 232. Asiyefikia hivyo aseme wazi mwanzoni mwa barua.

Kisha hifadhi. Chagua kuhifadhi na kurudi kwenye skrini ya mwanzo. Usichague kustaafisha makazi wala kuyaacha. Makazi yaliyostaafishwa yanaweza kufunguliwa tena, lakini hayarudi kama yalivyokuwa: vitu hutawanyika na kazi nyingi za mpangilio hurudiwa upya. Baada ya kuhifadhi, fungua faili mara moja kuhakikisha linafunguka, lifunge, ibane folda nzima kuwa faili moja la zip, na ulipe jina lenye mwaka na namba ya zamu, kwa mfano makazi-mwaka04-zamu04. Mtu mmoja wa kundi atunze nakala za zamu zote.

Ukipokea zamu

Mchezo hufunguka ukiwa umesimamishwa. Uache hivyo. Linganisha tarehe na barua. Angalia vinywaji na chakula dhidi ya idadi ya wakazi. Bofya vitalu kimoja kimoja, misimu yote. Fungua jiko. Fungua orodha ya oda, uone kama kuna iliyokwama. Tazama kama tahadhari ya wakazi kukaa ndani inawaka. Thibitisha kwenye mipangilio yako idadi ya juu ya wakazi. Mpe kibete mmoja jina lako la utani, ikiwezekana mmoja wa wapandaji, maana utamfuatilia zaidi.

Ndipo uachie siku moja tu, usimamishe tena, na usome taarifa zote za kazi zilizoghairiwa. Siku hiyo moja huonyesha karibu kila kitu ambacho barua ilisahau. Usichimbe chochote kipya kabla ya mwisho wa Granite.

Yanayoharibika, na chanzo chake

*Mbegu zipo, hakuna anayepanda.* Angalia mapipa kwenye ghala la mbegu kwanza. Kisha wapandaji: wameingizwa jeshini, wamelazwa, au wamekufa. La tatu ni lile la makabidhiano: tahadhari iliyowashwa wakati wa uvamizi wa zamu iliyopita bado inawaka, vibete wote wamefungiwa eneo la ndani, na shamba haliko ndani ya eneo hilo. Makazi yanaonekana yenye amani na watu wanakufa njaa hatua ishirini kutoka kwenye uyoga.

*Mimea ipo, pombe hakuna.* Karibu kila mara ni vyombo vitupu. Ongeza vyungu, na angalia kama ghala la chakula limemeza vyungu vyote kwa kuhifadhia nyama. Kama vyombo vipo, tazama kama jiko linaipika mimea kabla kiwanda hakijaifikia.

*Mavuno yananyauka kitaluni.* Uvunaji umewekewa wapandaji tu, au ghala la mimea limejaa. Ongeza ghala kabla ya kuongeza wavunaji.

*Moshi wa zambarau ndani ya makazi.* Kitu kinaoza chini ya ardhi, mara nyingi mabaki ya bucha. Juu ya ardhi harufu hiyo haitokei. Weka jalala nje, karibu na lango, na ghala la nyama karibu na bucha.

*Chakula kimepungua ghafla vuli.* Msafara wa vibete umekuja na msimamizi ameuza mapipa pamoja na kilichomo. Kabla ya kubonyeza kuuza, fungua kila chombo uone ndani.

*Miti na uyoga mkubwa unaota kwenye njia za shamba.* Mtu amefungua mapango ya chini, na mbegu zake zimesambaa kwenye sakafu zote za udongo. Vitalu vyenyewe haviathiriki. Sakafu za njia zijengewe mawe, na la haraka zaidi, tafuta tundu hilo la pangoni ulizibe, kwa maana penye njia ya hewa ya pango kuna njia ya majitu yake.

*Mchezo umekuwa mzito mno kwa mchezaji mmoja.* Punguzeni wanyama kwanza, hasa paka na vifaranga wasio na kazi, kisha vitu vilivyotapakaa. Mwenye kompyuta dhaifu awekwe mapema kwenye foleni ya mzunguko, kabla makazi hayajafika watu 60, na zamu zake za baadaye ziwe za misimu miwili badala ya minne.